Ukimya wa Sita

Shika kitendawili hiki, wewe uliyekaa hapo mlangoni ukichambua mbaazi na kujifanya husikii: watu sitini wameingia katika nyumba yenye viti vitano. Wote wameketi, na hakuna aliyempakata mwenzake. Ni nini? Usikimbilie kusema nyuki, nyuki hawana haja ya viti. Wala usiniambie mbegu ndani ya boga. Kaa na mji wako kwanza, siutaki. Sikiliza tu, utaona hao sitini walivyoketi.

Kalondu alitegewa kitendawili hicho na Jonah Nzuki kabla hawajaoana, na jibu lake alilijua kuliko alivyojua jina la chifu. Ndiyo maana moyo ulimruka siku ile ya mwaka wa themanini na moja, alipokuwa ameketi kwenye kivuli cha ukumbi wa kanisa, juu ya soko la Tawa, akisuka kiondo.

Ndani ya ukumbi kulikuwa na muziki. Ufunguo wa ukumbi ulikuwa wake Kalondu. Aliuvaa shingoni kwa kamba ya katani tangu mumewe alipokufa, miaka kumi na miwili sasa, na hakuna aliyeingia mle bila yeye kujua ni nani na anataka nini. Safari hii aliyeuomba alikuwa Mwalimu Irungu, kijana wa Kikuyu aliyeletwa muhula ule kufundisha shule ya pale. Alisema anataka kupiga piano na wenzake saa kumi jioni, shule ikifungwa. Basi alikuwa mle ndani na Ndinda, binti yake Kalondu, kwenye piano. Walimu wawili kwenye fidla ndogo. Muthama seremala kwenye ile fidla kubwa inayosimamishwa sakafuni na kubanwa kwa magoti. Na Irungu mwenyewe kwenye fidla ya tatu, ile nene kidogo yenye sauti ya mtu mwenye mafua.

Piano ilisema, fidla zikajibu. Piano ikabisha, fidla zikabembeleza. Kisha wote wakanyamaza.

Haikuwa kunyamaza kwa mtu aliyekosea. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyesema turudie. Walinyamaza kwa pamoja kama watu walioinamisha vichwa kuombea chakula. Mkono wa kulia wa Kalondu ukaachilia kiondo, ukaanza kuzunguka wenyewe hewani kama unaosaga kitu: moja, mbili, tatu, nne. Ulipofika ishirini na mbili, muziki ukaanza tena.

Kiondo kikabingirika mpaka kwenye majani.

"Mwizi," Kalondu akasema polepole. "Mwizi ameingia na mimi ndiye niliyemfungulia."

Na sasa lazima nikurudishe nyuma kidogo, maana huwezi kujua kilichoibwa kama hujui kilivyopatikana.

Kabla ya Uhuru, Kalondu akiwa msichana, alifanya kazi nyumbani kwa Misi. Misi alikuwa mama wa Kizungu wa misheni, ndiye aliyeleta ile piano na zile fidla nne akafundisha watu kuzipiga. Alikuwa pia na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na sahani nne nyeusi zilizobeba wimbo mmoja tu, wimbo mrefu wa Ulaya ambao wenyewe wanauita konseto. Humo piano ni moja, na kundi la watu sitini limeketi mbele yake na fidla, filimbi, tarumbeta na ngoma. Piano inasema neno lake, na hao sitini wanajibu. Lakini upande mmoja wa sahani ulibeba dakika nne hivi, basi. Ukiisha, Kalondu aligeuza sahani au akaweka nyingine, akazungusha mkono wa mashine mara ishirini na mbili, akarudisha sindano. Pande zilikuwa saba. Kwa hivyo mara sita alifanya kazi hiyo, Misi akiwa amefumba macho kwenye kiti chake.

Jonah alikuwa nje chini ya dirisha, akirekebisha viti vya kanisa. Misi alikuwa amemfundisha noti za herufi, zile za do, re, mi ambazo kwaya zetu zinazitumia mpaka leo, na Jonah alikuwa na masikio ambayo yangeweza kusikia siafu akipiga miayo. Akaazimia kuushika wimbo wote kwa masikio. Kila Misi alipoweka sahani, Jonah naye alichukua randa kwa mkono mmoja na penseli kwa mwingine. Aliandika katika daftari la hesabu, lile la mirabamiraba. Na kwa sababu Tawa hapakuwa na watu sitini wa kupiga kitu chochote, akawapunguza mpaka watoshe piano na fidla nne. Kazi ya filimbi akaipa fidla ya kwanza. Tarumbeta akazikabidhi fidla kubwa. Ngoma akazificha kwenye mkono wa kushoto wa piano. Ilimchukua miaka mitatu. Viti vitano, na sitini wote wakaketi.

Lakini Jonah hakuwahi kuona mle ndani. Aliposikia kimya, aliandika kimya. Alikipima kwa kidole cha mguu, akaacha miraba mitupu, mara sita.

Walipokuwa wameoana, Kalondu aliliona daftari akauliza, "Hapa mbona hukuandika kitu?"

"Hapo wanapumzika."

"Akina nani?"

"Wale sitini. Wimbo mrefu, kwani hawachoki?"

"Jonah! Hapo hakuna anayepumzika. Hapo ni mimi nageuza sahani!"

Jonah alicheka mpaka kigoda kikampindukia. Kisha Kalondu alipomletea kifutio, akakataa. "Acha ukae," akasema. "Vingine vyote humu ni vya Ulaya. Huu ukimya ndio wetu."

Kwa hivyo sasa unaelewa. Duniani kote, huo wimbo haukuwa na kimya hicho mahali popote isipokuwa katika daftari moja. Na daftari hilo Kalondu alijua liliteketea mwaka wa sitini na nane.

Huo ulikuwa mwaka wa uamsho mkali pale Tawa. Watu walisimama kanisani wakaungama, kisha wakaleta vitu vyao vya dunia vikachomwa nyuma ya kanisa: hirizi, vibuyu vya pombe, viatu vya dansi. Fidla na piano ziliponea kwa sababu zilisaidia nyimbo za Mungu. Wimbo wa Jonah ndio uliosumbua watu, maana haukuwa na maneno. Wazee waliuliza, wimbo usio na maneno unamsifu nani? Utajuaje kama si shetani? Na aliyesimamia moto alikuwa Mwangangi, mdogo wake Jonah, ambaye kabla ya hapo ndiye aliyekuwa akipiga fidla ya tatu.

Siku ya moto Kalondu hakuwepo, alikuwa ameenda kwao kumuuguza mama yake. Aliporudi alikuta sanduku la bati la Jonah liko wazi na daftari halimo. Akamuuliza mumewe. Jonah akasema, "Limeenda na moto," akageukia ukuta. Jumapili Mwangangi akasimama mbele ya watu akatangaza kwamba vyote vilivyoletwa vimekuwa majivu. Jonah hakuigusa piano tena. Miezi minane baadaye kifua kikamchukua.

Siku ya mazishi, udongo ukiwa bado mbichi, Kalondu alimkabili shemeji yake mbele ya watu wote.

"Mwangangi, leo nataka kujua. Ni mkono wa nani uliolitoa daftari la Jonah sandukuni?"

Mwangangi alitazama chini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, kama ulivyokuwa siku zote mwaka ule. Alikuwa ameungua kwenye tanuri lake la matofali, alisema, na hakupiga fidla tena. Watu wakaimba wimbo wa kufunga, na swali likabaki limesimama pale kaburini peke yake.

Miaka kumi na miwili walisalimiana kama watu waliopakana shamba. Mvua imekuja? Imekuja. Haya. Kalondu alikuwa na hakika: mwenye mkono ni huyo huyo, na kinachomnyamazisha ni hatia.

Sasa daftari lilikuwa hai, na liko mikononi mwa mgeni. Kwa hivyo halikuungua. Kwa hivyo Mwangangi alisimama madhabahuni akadanganya watu na Mungu. Alilipeleka wapi?

Kuanzia jioni ile Kalondu akaanza kuweka mambo pamoja, kama mtu anayeokota maharagwe yaliyomwagika. Irungu alikuwa ameonekana mara mbili makaburini, anainama kusoma majina kwenye misalaba. Mgeni wa Murang'a anamtafuta nani kwenye makaburi yetu? Alikuwa amemuuliza Ndinda ni nani aliyemfundisha piano, na Ndinda aliposema ni baba yake, akauliza tena, "Baba yako alikuwa anaandika?" Ndinda akasema hakumbuki. Na kubwa kuliko yote, wazee wa kanisa walipoombwa ruhusa ya wimbo huo kupigwa mbele ya watu Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Mwangangi, ambaye alikuwa amewahi kukataza hata kayamba ya watoto wa Jumapili, alisema "Wapige" bila kuuliza lolote.

"Mbona hukuuliza ni wimbo gani?" Kalondu alimwambia Ndinda jikoni, kana kwamba Ndinda ndiye Mwangangi. "Wewe ulikuwa mdogo, hukuujua. Lakini yeye aliupiga miaka sita! Mbona hakushtuka?"

"Mama, labda amezeeka."

"Mwangangi? Huyo hazeeki, anakauka tu."

Asubuhi iliyofuata, shule ikiwa darasani, Kalondu alifungua ukumbi akaingia na ufagio. Alifagia kidogo kwa heshima ya ufagio. Kisha akainua kifuniko cha piano, na humo akakuta karatasi mpya, safi, za mwandiko wa mwalimu. Alisoma kwa kidole. Kalondu alifika darasa la nne tu, lakini kusoma alijua. Juu kabisa paliandikwa: *Konseto ya piano, kwa piano na fidla nne.* Chini yake: *Imepangwa na.* Na baada ya hapo, mstari mtupu. Hakuna jina.

Akasimama na ufagio wake, masikio yakimwaka. Jina halijaandikwa kwa sababu mwenye kuiba anangoja siku ya mwisho. Jumamosi asubuhi ataandika la kwake, watu watapiga makofi, na Jonah atakuwa amekufa mara ya pili.

Saa kumi wapigaji walipofika walikuta mlango umefungwa na Kalondu ameketi kwenye ngazi, kiondo magotini.

"Hujambo mama," Irungu akasema. "Tumekuja kwa ufunguo."

"Ufunguo upo. Ni mimi ambaye sipo."

Muthama seremala akacheka. Kalondu alipomtazama, akaacha.

"Mama, imebaki wiki moja na nusu," Irungu akasema.

"Imebaki kwa nani? Wewe kijana, wewe ni wa wapi hasa?"

"Baba alizaliwa Murang'a. Lakini sisi tumelelewa Kitui, mama. Migwani. Mama yangu alikuwa na duka pale."

Kalondu alikumbuka. Jonah alikuwa akienda Migwani. Mara nne au tano kwa mwaka, analala siku mbili, anasema kinanda cha kanisa la kule kimeingia mchwa.

"Ndinda," akasema, "wapeleke wenzako wakanywe chai. Mwalimu abaki."

Walipoenda, akasogeza kiondo kando ili amwone vizuri. "Unapopiga, unanyamaza mara sita. Nani alikufundisha kunyamaza hapo?"

Irungu akaketi ngazi ya chini yake, taratibu, kama mtu aliyeshikwa bega. "Mara tano," akasema. "Nina tano tu. Mama, ya sita umeijuaje?"

"Mimi ndiye ninayeuliza."

Akafungua mkoba wake. Akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi ya mkate, na ndani ya karatasi kitambaa, na ndani ya kitambaa daftari la mirabamiraba. Kingo zake zilikuwa zimeliwa na moto, na kurasa za mwisho hazikuwepo. Jalada lilikuwa nusu. Pale ambapo jina la mwenyewe lingekuwa, palikuwa na ukingo mweusi. Muhuri tu ndio uliobaki, wa duka lililouza daftari: *Tawa.*

Kalondu hakuligusa mara moja. Alijifuta mikono kwa leso kwanza, mbele na nyuma.

"Mama yangu alifariki mwaka juzi," Irungu akasema. "Nililikuta chini ya mizani ya duka. Ndugu zangu walitaka kuwashia jiko. Mimi nilisomea muziki, nikaona ni kitu gani. Nikalinganisha na kitabu cha Wazungu wenyewe. Yote yapo, mama, ila mwisho tu! Watu sitini wote wapo, huyu mtu hakumwacha hata mmoja nje. Lakini hizi nafasi tupu hazipo kwa Wazungu. Nilidhani alikuwa na maana yake, kwa hivyo nikaziacha. Nikaomba niletwe Tawa nimtafute."

"Makaburini?"

"Hata makaburini. Sikujua kama yuko hai."

"Kwa nini hukuuliza watu?"

"Niliuliza. Siku ya kwanza nilimwonyesha mzee Mwangangi. Akalitazama sana. Akaniambia, piga tu, mwenyewe atasikia."

Kalondu akageuza uso akatazama upande wa tanuri la matofali, ambako moshi mwembamba ulikuwa ukipanda.

"Mama yako," akasema, "alilipata kwa nani?"

"Alisema mtu alilileta, akamwomba asimtaje. Na mama akishika neno, ameshika."

"Alikuwa mrembo?"

"Nani?"

"Mama yako. Jibu."

Irungu akafikiria kwa uaminifu. "Alikuwa na jicho moja bovu. Na alikuwa mkali sana."

*Jonah alipenda wakali,* Kalondu akajiambia, na wazo hilo halikumpendeza hata kidogo.

Hakungoja. Alitia daftari kwenye kiondo akateremka mpaka kwa Mwangangi. Mzee alikuwa akipanga matofali mabichi, moja moja, kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mfukoni, hata kwenye joto lile. Kalondu akaweka daftari juu ya tofali.

Mwangangi akavua kofia. "Limefika," akasema.

"Limefika kutoka wapi, shemeji?"

Mzee akakung'uta kofia kwenye goti.

"Ulituambia vyote vimekuwa majivu. Haya ndiyo majivu? Ulisimama pale mbele ukiwa na Biblia mkononi."

"Nilisimama."

"Ulimpelekea wewe yule mwanamke wa Migwani, au Jonah ndiye aliyempa? Kama Jonah alikuwa na mtu huko, niambie, mimi si mtoto. Nimeshakuwa nyanya. Na kama ni wewe uliyefungua sanduku la kaka yako ukachukua kitu chake ukachome, niambie pia. Nimekuuliza miaka kumi na miwili. Ni mkono wa nani uliolitoa sandukuni?"

Mwangangi alichukua tofali, akaliangalia, akalirudisha mahali pale pale lilipokuwa. "Jonah hakuwa na mtu Migwani," akasema. "Mama Irungu alikuwa akituuzia sabuni na chai, mimi na yeye, tukienda kutengeneza kinanda. Hayo nakuapia."

"Na la sanduku?"

"Mama Ndinda, fungua ukumbi."

"Nijibu, nifungue."

"Fungua, nitakujibu."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

"Miaka kumi na miwili hujapata nafasi? Una shughuli gani wewe, unaongoza serikali?"

Mwangangi karibu atabasamu. Kisha uso ukamrudia ulivyokuwa. "Neno lenyewe si langu peke yangu," akasema. "Nikilitoa, halirudi. Na huenda utataka lirudi."

Hayo yalimtia Kalondu wasiwasi kuliko yote. Alipanda mlima akiyageuza. Mtu mwenye hatia husema sikufanya. Husema nisamehe. Huyu alizungumza kama mtu aliyebeba mtungi wa mwingine kichwani na anaogopa kuinama.

Alifungua ukumbi. Si kwa ajili ya Mwangangi, na si kwa ajili ya mwalimu. Aliufungua kwa sababu alikuwa amelishika lile daftari njia nzima, na lilikuwa bado linanuka kidogo moshi na kidogo mkono wa Jonah, au alijidanganya hivyo.

"Sharti la kwanza," akamwambia Irungu. "Ule mstari mtupu."

"Nilikuwa nimeuacha ulivyo mpaka nimjue."

"Umjue sasa. Jonah Nzuki. Andika nikiona."

Irungu akaandika kwa wino. Kalondu akazikagua herufi moja moja, akamfanya arudie ile *z* kwa sababu ilifanana na mbili.

"Sharti la pili. Piga huo mwisho."

Moto ulikuwa umekula kurasa mbili za mwisho, na Irungu alikuwa amezijaza mwenyewe kwa kufuata kitabu cha Wazungu. Walipopiga, Kalondu alitikisa kichwa. "Jonah hakuwarudisha wote pamoja hivyo, kama watu wanaotoka kanisani mvua ikinyesha. Alimwacha huyu mwenye mafua atangulie peke yake. Halafu kimya. Halafu wengine." Akaimba kipande chenyewe kwa sauti yake ya nyanya, iliyokwaruza lakini haikupotea njia. Sahani zile alizisikia mara mia mbili, na hicho kipande Jonah alikuwa akikipiga mluzi akinyoa ndevu. Irungu aliandika mbio mbio kwa herufi, *d* na *r* na *m*, ulimi ukiwa umemtoka kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Na ukimya wa sita ni wa urefu gani?" akauliza.

Kalondu akazungusha mkono hewani mara ishirini na mbili. "Huo," akasema.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wengine walikuja kwa muziki, wengi walikuja kuona kama itakuwa dhambi. Ndululu, mzee wa kanisa mwenzake Mwangangi, aliketi amekunja mikono. "Bado sijaambiwa," alisema kwa sauti ya kusikika, "wimbo usio na maneno unamsifu nani." Kalondu alikuwa kwenye benchi la mbele. Mwangangi alikuja akaketi kando yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na benchi zima likageuza shingo.

Kalondu hakugeuza. Alikuwa akiutazama mkono wa mzee ule uliojificha mfukoni, na kufikiri: amekuja kuketi hapa ili watu waone tumepatana. Ananinunua kwa makalio yake.

Ndinda akaanza. Piano ikasema, fidla zikajibu. Kalondu alijaribu kusikiliza kama mtu mwenye hasira lakini haikuwezekana. Kila mmoja wa wale sitini aliyepita alimtambua, kama mtu anayesimama mlangoni siku ya harusi. Kisha ukimya wa kwanza. Watu wakadhani imeisha, wakaanza kupiga makofi, na nyanya mmoja nyuma akasema "Amina!" kwa nguvu. Muziki ulipoanza tena, watu walicheka, hata Ndululu. Ukimya wa pili walikuwa na shaka. Wa tatu walisubiri. Wa nne na wa tano hakuna aliyekohoa. Watu walikuwa wamejifunza kukaa ndani yake, na ukumbi mzima ulikuwa ukipumua pamoja.

Kalondu kila mara alizungusha mkono wake juu ya goti, polepole, chini ya leso, mtu asimwone.

Kisha ukafika ule mwisho uliokuwa umeungua, ambao ulikuwa umepita kinywani mwake mwenyewe. Fidla ya tatu ilitangulia peke yake. Kando yake alisikia Mwangangi akivuta pumzi. Ilikuwa sehemu yake, aliipiga miaka sita. Vidole vya mkono wa kulia vya mzee vilikuwa vikishika upinde usiokuwepo. Fidla ikafika mwisho wa neno lake, ikanyamaza.

Ukimya wa sita. Moja. Mbili. Tatu.

Ilipofika saba, Mwangangi akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akauweka juu ya goti, mahali ambapo Kalondu angeuona. Vidole viwili vilikuwa vimeshikana. Ngozi ilikuwa laini na ya kung'aa mpaka juu ya kifundo. Hilo halikuwa jeraha la mtu aliyeguswa na tofali la moto. Lilikuwa la mtu aliyeingiza mkono ndani akatafuta kitu.

Kumi. Kumi na moja. Mkono wa Kalondu ukaacha kuzunguka.

Mwangangi akainama kidogo sikioni mwake.

"Sandukuni, Mama Ndinda," akasema, "alilitoa Jonah mwenyewe. Motoni, nililitoa mimi."